Mbacha na Msala: Je, Biashara Zishikilie Majukwaa ya Kale ya Tarakilishi?

Methali mbili za Kiswahili zilikwisha kulijibu swali hili kabla tarakilishi yenyewe haijazuliwa. Ya kwanza yamkanya mtu asiache mbachao kwa msala upitao. Ya pili yamcheka apapiaye mambo mapya kwa kumkumbusha kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Zote mbili zaegemea upande wa kikuukuu, na si ajabu kwamba mfanyabiashara wa pwani anapoambiwa na muuza tarakilishi kuwa mashine yake imepitwa na wakati, moja ya methali hizo humjia ulimini kabla hajauliza bei ya mashine mpya. Lakini methali hazikusema mbacha huo uko katika hali gani. Mbacha ni mkeka uliochakaa. Bado ni mkeka, na mtu aweza kuukalia miaka mingi bila ya kudhurika. Ugumu huanza pale mkeka unapokuwa umebaki ncha za ukindu tu, na huzidi pale aliyeukalia anapogundua kuwa hakuwa mwenye mkeka hata siku moja.

Suala hili limezoeleka kujadiliwa kana kwamba ni la benki za Nairobi na viwanda vya Mombasa pekee. Na litazamwe kutoka Mtangawanda. Gati hili la kisiwa cha Pate ni mlango wa watu na mizigo itokayo Lamu. Vyombo hupita mkondo wa Mkanda, ulio baina ya kisiwa cha Manda na bara, na kwa kuwa mkondo huo ni mwembamba na maji yake huwa haba yakupwapo, safari hupangwa kwa kujaa na kupwa kwa bahari, si kwa saa ya ukutani. Mizigo ishushwapo Mtangawanda huendelea kwa punda na kwa pikipiki hadi Pate, Siyu na Faza. Unga, sukari, saruji, mafuta ya kupikia, betri za tochi: kila kitu kimetoka kwa muuzaji wa jumla wa Lamu au Mombasa, na kila kitu kina karatasi yake. Karatasi hiyo ndiyo kiini cha mjadala huu, kwa sababu imebadilika mara nyingi kuliko bidhaa zenyewe.

Katikati ya miaka ya 2000, wafanyabiashara wa Kenya waliosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani walitakiwa kununua mashine za risiti za kielektroniki, zile ziitwazo ETR. Malalamiko yalikuwa mengi, lakini mashine zikanunuliwa. Mwaka 2022 ukaja mfumo wa TIMS, uliotaka habari za kila ankara zipelekwe kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya, yaani KRA, kwa njia ya mtandao. Mwaka 2023 ukafuata eTIMS, na kuanzia tarehe 1 Januari 2024 sheria ikaweka kanuni kwamba gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS, isipokuwa zile zilizosamehewa, haikubaliwi katika hesabu ya kodi. Mwenye duka wa Siyu hakuomba hata moja kati ya haya. Hata akiwa mdogo kiasi cha kutotakiwa kutoa ankara hizo yeye mwenyewe, anayemuuzia anazitoa, naye ni lazima ajue kuzipokea, kuzisoma na kuzihifadhi. Kwa hiyo mtu anapoulizwa iwapo aendelee kushikamana na jukwaa lake la zamani, swali lenyewe lina kasoro: ladhani kuwa jukwaa limetulia na mtu ndiye anayehama. Mara nyingi mambo huwa kinyume. Mtu ametulia pale pale dukani kwake, na jukwaa ndilo lililohama chini ya miguu yake.

Neno uaminifu nalo lahitaji kuchunguzwa, kwa kuwa ndilo linalotumiwa kila mara katika mjadala huu, na wasomi wa lugha hawapaswi kuliacha lipite hivi hivi. Uaminifu na amana ni neno moja kwa asili. Mwenye kuaminiwa hukabidhiwa kitu, naye hana budi kukirudisha kama alivyokabidhiwa. Pana pande mbili, na pana deni baina yao. Je, mtengenezaji wa mfumo endeshi alikabidhiwa nini, na aliahidi kurudisha nini? Alitoa leseni, na leseni hiyo ilikuwa na siku ya kufa. Windows XP, iliyotolewa mwaka 2001, iliachwa na Microsoft tarehe 8 Aprili 2014. Windows 7 ikafuata tarehe 14 Januari 2020. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na waliotaka kuendelea kupata marekebisho ya usalama wakaelekezwa kwenye mpango maalumu wa muda. Tena si kila mashine ya Windows 10 iwezayo kupokea Windows 11, kwa sababu toleo hilo ladai chipu ya usalama na vichakato ambavyo tarakilishi nyingi zilizonunuliwa mitumba hazina. Kinachoitwa uaminifu wa mteja kwa jukwaa, basi, huwa ni mazoea tu, na wahenga walikwisha kusema kuwa mazoea yana tabu.

Hata hivyo, haitakuwa haki kumkejeli mwenye duka anayeyashika mazoea hayo. Hoja zake ni nzito kuliko wanavyodhani wauzaji wa vitu vipya. Programu yake ya hesabu, aliyoinunua mara moja ikiwa ndani ya sidii, haimdai ada ya mwezi. Haihitaji intaneti. Mwanawe aliyejifunza kuitumia huingiza mauzo ya siku akiwa amefumba macho. Ubao wa herufi umefutika kwa kuguswa, naye haoni shida, kwa kuwa vidole vinajua njia. Kuhamia programu nyingine ni kuyapoteza maarifa hayo kwa muda wa miezi, na duka dogo halina miezi ya kupoteza. Aidha, mtandao wa visiwani hauna ukaribu na ule wa barabara ya Moi, Mombasa. Mtu aliyewahi kungoja maji yajae ili chombo kiondoke anajua thamani ya kifaa kisichongoja kitu kingine ili kifanye kazi.

Tena upo ushahidi mkubwa kabisa wa Kenya unaomuunga mkono. Safaricom ilipoizindua M-Pesa tarehe 6 Machi 2007, haikumtaka mteja awe na simu ya fahari. Huduma iliwekwa katika menyu ya kadi ya simu, ikatumia ujumbe mfupi, na ikafanya kazi katika ile simu ndogo yenye tochi ambayo Wakenya waliipa jina la mulika mwizi. Teknolojia hiyo haikuwa mpya hata mwaka huo. Baadaye zikaja simu janja, zikaja programu zake, na mwaka 2015 seva za M-Pesa zikahamishwa kutoka Ujerumani na kuletwa Kenya pamoja na mfumo mpya wa kuziendesha. Menyu ya zamani haikuondolewa. Mvuvi wa Kizingitini na mkulima wa Mpeketoni waliendelea kubonyeza vitufe vilevile, ilhali nyuma yao nyumba nzima ilikuwa imebomolewa na kujengwa upya. KRA nayo imefuata busara hiyo kwa kiasi fulani, kwa kuwa mfanyabiashara mdogo aweza kutoa ankara ya eTIMS kwa simu ya kawaida, kwa kupiga msimbo mfupi, bila ya kuwa na tarakilishi wala simu janja.

Mfano huu hunukuliwa sana na watetezi wa mifumo ya kale, nao huukosea maana. Haikuwa M-Pesa iliyobaki ya kale. Kilichobaki cha kale ni mlango ambao mteja huuingilia. Ndani, kila kitu kimebadilishwa na watu waliolipwa kukibadilisha, wakahamisha kumbukumbu za mamilioni ya watu kutoka chombo kimoja hadi kingine pasi na kumwambia mtu aje na daftari lake. Waliweza kufanya hivyo kwa kuwa kumbukumbu zilikuwa mikononi mwao. Mwenye duka wa Siyu mwenye programu ya sidii je? Yeye ana mlango wa kale na nyumba ya kale pia, na ufunguo wa sanduku la ndani hajui uliko.

Hapa ndipo wanaosisitiza umri wa mashine wanapopotoka. Umri si tatizo. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipoenea duniani na kuzifunga faili za watu kikidai fidia, hospitali za Uingereza zikiwamo, wengi waliharakisha kuilaumu Windows XP. Uchunguzi ulionyesha kuwa mashine nyingi mno zilizoathirika zilikuwa za Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado ikihudumiwa, na kwamba Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa rekebisho tangu mwezi Machi mwaka ule ule. Waathirika wengi hawakuwa na jukwaa lililokufa. Walikuwa na jukwaa lililo hai ambalo hawakulitunza. Kinyume chake, tarakilishi ya XP isiyounganishwa na intaneti, wala kuchomekwa flashi ya kila mpita njia, haina wa kuidhuru ila kutu, chumvi ya bahari na panya. Iunganishwe na mtandao, na mambo yabadilika mara moja. Kivinjari cha mwisho cha Microsoft kilichokubali kukaa ndani ya XP hakikuundwa kwa ajili ya njia za kuficha mawasiliano zinazodaiwa na tovuti za leo. Kwa hiyo mwenye mashine hiyo hukuta milango ya benki na ya serikali imefungwa mbele ya uso wake, na ile iliyo wazi ndiyo ya wezi. Yaani mashine ya kale hailazimiki kuzikwa. Yafaa iondolewe barabarani na kuwekwa ndani.

Lakini hata ikiwekwa ndani, siku moja itazima isiwake tena. Swali la msingi kwa biashara yoyote, iwe ni duka la Faza au benki yenye matawi 100, ni hili: siku hiyo, madeni ya wateja yatasomeka wapi?

Watu wa Pate hawalihitaji somo hili kutoka ng'ambo. Siyu ilisifika kwa waandishi wake, walionakili misahafu kwa mikono na kuipamba kwa wino wa rangi katika karne za 18 na 19. Utendi wa Tambuka, ambao kwa kawaida hunasibishwa na Pate na mwaka 1728, umetufikia kwa njia hiyo hiyo ya mkono hadi mkono. Kisha utawala wa kikoloni ukaja na hati za Kilatini, shuleni na maofisini, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi ya kusanifisha lugha kwa msingi wa Kiunguja. Jukwaa la uandishi likahama chini ya miguu ya wenyewe, kama eTIMS ilivyohama. Mwanazuoni wa kisiwani aliyeandika barua zake za biashara kwa hati za Kiarabu alijikuta hana cheo katika afisi ya serikali. Aliyeshikamana na hati zake alipoteza kazi. Aliyeziacha watoto wake walipoteza maktaba. Hasara hiyo haijalipwa hadi leo, na idara za Kiswahili zinaijua vyema kila zinapomtafuta mtu wa kusoma mswada.

Jambo moja, hata hivyo, halikutokea. Hakuna aliyepata kumwambia mrithi wa miswada ile kuwa leseni ya kuisoma imekwisha. Hati za Kiarabu hazina mwenyewe. Yeyote aliye tayari kujifunza herufi, pamoja na zile za ziada zilizobuniwa kwa ajili ya sauti za Kiswahili, aweza kuukaa mswada wa karne mbili na kuusoma, akigombana na mnakili kuhusu irabu. Ni jukwaa lililoachwa na ofisi bila ya kufungwa. Na kwa kipimo hicho, kitabu cha madeni cha babu wa Pate kilicho katika hati za Kiarabu kina uhai kuliko faili ya hesabu iliyotengenezwa mwaka 2006 na programu ambayo mtengenezaji wake amefunga duka. Kitabu chaweza kuungua, ni kweli. Moto wa mwaka 2009 uliobomoa mamia ya nyumba za Faza haukuchagua karatasi wala sahani ya tarakilishi. Lakini kwa moto dawa ni nakala, na nakala ya karatasi husomeka popote itakapolala. Nakala ya faili iliyofungwa husomeka tu pale palipo na mashine ya aina ile ile iliyo hai.

Lugha yenyewe ya Kiswahili imewahi kuwekwa rehani katika majukwaa haya, na habari hiyo yastahili kukumbukwa na jarida kama hili. Desemba 2004 kundi la Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kufanyia hesabu iliyozungumza Kiswahili, iliyo huru kunakiliwa na kurekebishwa. Katika miaka hiyo hiyo Microsoft, kwa msaada wa wataalamu wa lugha wa Afrika Mashariki, ilikuwa ikiandaa sura za Kiswahili za Windows XP na Office 2003. Vyama vya wanafunzi vilijadili kwa hamasa: kompyuta, ngamizi au tarakilishi? Mjadala huo haujaisha, na shule za Kenya zaendelea kufundisha tarakilishi ilhali mtaani watu wamesema kompyuta tangu mwanzo bila ya kumwomba mtu ruhusa. (Hata katika istilahi, watu hawashikamani na neno bora. Hushikamana na neno la jirani, kwa kuwa neno lisilojulikana na jirani halifai kununulia kitu. Wanaoshangaa kwa nini maduka yote ya mtaa hutumia programu ile ile mbovu wangeanza kwa kutazama hapa.)

Lililo muhimu zaidi ya majina ni lile lililotokea baadaye. Sura ya Kiswahili ya XP ilikuwa vazi lililoshonwa kwa mwili mmoja. Mwili ulipokufa mwaka 2014, vazi likazikwa nao. Microsoft ilitoa mavazi mengine kwa matoleo yaliyofuata, lakini kukata na kushona kulikuwa kwa hiari yake, na mwenye lugha alikuwa mgeni mlangoni. Mradi wa Kilinux nao ulikwisha zamani, na OpenOffice yenyewe ikafifia. Lakini kwa kuwa msimbo wake ulikuwa wazi, mwaka 2010 likazaliwa tawi jipya la LibreOffice, ambalo bado hufungua nyaraka zilizoandikwa kwa Jambo miaka 20 iliyopita. Duka lililoweka orodha ya wateja wake katika Jambo lina jukwaa lililokufa, naam, lakini orodha yake haikufa. Uchaguzi wa mwaka 2004 haukuonekana kuwa wa maana. Vyote viwili viliandika, vyote viwili vilijumlisha. Tofauti ilikaa kimya miaka 10 ndipo ikazungumza.

Serikali nazo zimenaswa. Mfumo wa forodha wa KRA ulioanza kutumika mwaka 2005 uliitwa Simba, nao ulitokana na mfumo wa Senegal uitwao GAINDE, neno ambalo kwa Kiwolofu ni simba vilevile. Tafsiri nzuri kuliko hiyo ni nadra kupatikana katika ulimwengu wa tarakilishi. Mawakala wa forodha wakauzoea, wakaulalamikia, kisha nafasi yake ikachukuliwa na mfumo mwingine, iCMS, uliotengenezwa kwa mahitaji mengine na kwa jina lisilo na mnyama. Leo, katika ghuba ya Manda, si mbali na njia ya vyombo viendavyo Mtangawanda, ipo bandari mpya ya Lamu ambayo gati lake la kwanza lilizinduliwa tarehe 20 Mei 2021. Karani kijana atakayeajiriwa huko hatauona Simba kamwe. Mambo ni hivyo, na hapana ubaya, mradi kumbukumbu zilihamishwa.

Sasa na asikilizwe yule anayeuza dawa ya maradhi haya yote. Humjia mwenye duka na kumwambia: tupa mashine, tupa sidii, weka hesabu zako katika wingu, utalipa kidogo kila mwezi na hutajali tena toleo gani limekufa. Kipya kinyemi. Hesabu zitakaa katika seva iliyo mbali, zitasasishwa na watu asiowajua, na mwenye duka ataziona kwa simu yake akiwa chomboni. Faida hizo ni za kweli. Lakini tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika, Afrika Mashariki nzima ilionja mwendo wa konokono, na biashara zilizokuwa zimehamia mbali zikakaa zikitazama duara likizunguka katika kioo. Hilo ni la siku chache, na huenda si kitu. Lililo kubwa zaidi ni kwamba mwenye duka aliyekuwa na hesabu zake ndani ya sanduku bovu, lakini ndani ya nyumba yake, sasa anazipanga. Akikosa ada ya miezi miwili, mlango hufungwa. Akitaka kuhama, huambiwa kuwa kuna kitufe cha kupakua, na akikibonyeza hupewa picha za kurasa asizoweza kuziingiza popote. Jukwaa jipya linalomfunga mtu namna hii ni la kale tangu siku ya kwanza. Halijachakaa tu.

Ndiyo sababu ushauri wa jumla wa «hameni» au «msihame» haufai, na wanaoutoa kwa sauti kubwa wachunguzwe wanauza nini. Biashara yaweza kubaki na jukwaa la kale kwa muda wowote iutakao ikiwa kumbukumbu zake zinaweza kutolewa leo, si kesho, kwa namna isomekayo na programu nyingine. Ikiwa mashine yenyewe haikuachwa wazi mtandaoni. Na ikiwa watu zaidi ya mmoja wanajua kuiendesha. Sharti hili la mwisho hupuuzwa mno. Maduka mengi hayakuangushwa na kirusi bali na ndoa: kijana pekee aliyeijua programu akaoa Malindi, asirudi. Pale sharti la kwanza linapokosekana, kuhama si hiari tena, hata kama mashine ingali mpya inang'aa, na gharama ya kuhama sasa, wakati mashine bado yawaka, ni ndogo kuliko gharama ya kukumbuka madeni kwa moyo.

Yupo atakayesema kuwa masharti haya ni ya watu wenye nafasi, na kwamba mwenye duka anayehesabu shilingi hawezi kukaa kufikiria miundo ya faili. Hoja hiyo ina uzito kwa upande wa fedha, lakini yamdharau mwenye duka. Mtu anayejua kwa kutazama mwezi siku ambayo chombo chenye shehena kitapita Mkanda, na siku ambayo kitakwama mchangani, hashindwi kuelewa kuwa hesabu zisizotoka ndani ya mashine si zake. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia hivyo kwa lugha anayoielewa. Maelezo ya eTIMS, masharti ya leseni na makubaliano ya huduma za wingu huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Marehemu Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Lamu, alitumia umri wake akionyesha kuwa vitu vigeni vyaweza kupewa majina kutoka ndani ya lugha. Neno runinga ni lake. Waliokuja baada yake wameendelea kubuni majina ya vitu. Hawajaandika mikataba. Hakuna kifungu chepesi cha Kiswahili ambacho mwenye duka aweza kukichomoa na kumwonyesha muuza programu, kisemacho kuwa siku nitakapotaka kuondoka utanipa kumbukumbu zangu zote, zikiwa kamili, kwa namna isomekayo na mwingine. Kifungu hicho chaweza kutungwa katika semina moja ya tafsiri, na chafaa zaidi kuliko istilahi 40 mpya za sehemu za ubao wa herufi.

Idara zenyewe zingeanza nyumbani. Tasnifu za miaka ya 1990 zimelala katika disketi ndani ya makabati, zimeandikwa kwa WordPerfect na WordStar, na diski hizo hazina tena tundu la kuingia katika tarakilishi yoyote iliyopo idarani. Nakala zilizopigwa chapa na kujalidiwa zipo maktabani. Lakini kanda za mahojiano zilizonukuliwa, faharasa, na data za lahaja ambazo hazikuingia katika tasnifu, hizo zimo katika disketi peke yake. Vitu hivyo ni sawa na kitabu cha madeni cha dukani, ila kwamba mdai ni lahaja.

Na mwanafunzi atokaye Siyu, Faza au Kizingitini, anaposhuka Mtangawanda wakati wa likizo ndefu, ana kazi ya mchana mmoja inayomngoja nyumbani kabla mashine ya mjomba haijazima. Yahitaji flashi safi, karatasi za kuchapia orodha ya wadaiwa, na mjomba mwenyewe kando yake, kwa sababu programu za zamani zilikuwa na desturi ya kukata majina marefu, na ni yeye tu ajuaye yule «Mohamed Al» wa mstari wa 31 ni nani kati ya Mohamed wote wanaodaiwa unga.